Kompyuta na Mtandao (Sehemu ya Tatu): Njia Imekatika Wapi?

Wiki iliyopita tuliishia kwenye kebo, swichi ya Wi-Fi na taa za ruta, yaani mambo yanayoonekana kwa macho. Leo taa zote zinawaka, alama ya Wi-Fi imejaa, na bado ukurasa haufunguki. Hapo ndipo watu huanza kubahatisha. Mmoja ananunua bando jingine, mwingine anaondoa kivinjari na kukiweka upya, na ofisini ruta inazimwa na kuwashwa mpaka saa za kazi zinakwisha. Hasara hiyo haina sababu. Kompyuta yenyewe inaweza kutuonyesha njia ilipokatika, mradi tuiulize kwa mpangilio, kuanzia karibu kwenda mbali.

Tuanze na anwani. Kwenye Windows, andika cmd katika sehemu ya kutafutia, fungua dirisha la amri, kisha andika ipconfig. Soma mstari wa IPv4. Namba inayoanza na 192.168 au 10 kwa kawaida ina maana kwamba ruta imeipa kompyuta yako anwani. Ukiona 169.254, kompyuta iliomba anwani, haikujibiwa, ikajipangia yenyewe. Katika hali hiyo kumpigia simu mtoa huduma ni kupoteza salio, kwani kasoro iko hapo hapo, kati ya kompyuta na ruta.

Chanzo kimoja cha kasoro hiyo hakitajwi vya kutosha. Ruta ina idadi maalumu ya anwani za kugawa, na kila simu inayoingia hupewa moja na kuishikilia kwa muda, mara nyingi saa 24, hata kama mwenye simu alikunywa chai akaondoka. Mgahawa au ofisi yenye wageni wengi inaweza kumaliza anwani zote kabla ya adhuhuri. Kuwasha ruta upya huenda kukasaidia kwa siku moja tu. Tiba ya kudumu ni kuingia kwenye mipangilio ya ruta na kupunguza muda huo hadi saa moja au mbili.

Anwani ikiwa sawa, tumia amri ya ping. Mike Muuss aliiandika Desemba 1983 akiwa katika maabara ya jeshi la Marekani, na jina alilichukua kwenye mlio wa chombo kinachopima vilindi vya bahari kwa mwangwi. Kazi yake ni hiyo hiyo: hutuma ujumbe mfupi na kupima muda wa jibu kurudi. Anza na namba ya ruta, ile iliyoandikwa kwenye mstari wa Default Gateway. Ikijibu, andika ping 8.8.8.8, ambayo ni seva ya Google. Nayo ikijibu, umeshatoka nje ya jengo na intaneti ipo. Baadhi ya ofisi huzuia ping kwa makusudi, kwa hiyo ukimya peke yake usiuchukue kama ushahidi kamili.

Sasa pima kwa jina la tovuti badala ya namba. Namba ikijibu na jina likashindwa, mgonjwa ni DNS, mfumo uliobuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983 ili kugeuza majina kuwa namba. Ni kasoro ya kawaida mno, na huitibu kwa kuandika 1.1.1.1 au 8.8.8.8 kama seva ya DNS kwenye mipangilio ya mtandao.

Pia itazame saa. Kompyuta ya mezani ya zamani ambayo betri yake ndogo ya ndani imekufa hupoteza tarehe kila umeme unapokatika. Ikirudi miaka nyuma, kivinjari huona vyeti vya usalama vya tovuti kuwa si halali na kukataa kuzifungua, ilhali ping inajibu vizuri. Badilisha betri, mara nyingi ni aina ya CR2032, na usahihishe tarehe.

Wakati mwingine kasoro iko mbali kabisa. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na Tanzania na Kenya zikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika. Siku ile hakuna ruta ambayo ingepona kwa kuzimwa na kuwashwa.

Ikiwa ruta inajibu na 8.8.8.8 haijibu, sasa mpigie mtoa huduma. Mwambie hivyo hivyo, kwa namba, pamoja na saa tatizo lilipoanza, na umwombe asikuanzishe tena kwenye kebo na taa.

Wiki ijayo: Wi-Fi inayoshika sebuleni na kupotea chumbani.