Kuchagua Bastola Ndogo ya Kubeba Chini ya Nguo kwa Bajeti Finyu

Bastola ya kubeba chini ya nguo huchaguliwa kwa kupima mambo matatu yanayovutana: ukubwa, urahisi wa kulenga shabaha, na gharama. Ikiwa ndogo mno hufichika vizuri, lakini huruka mkononi na kumkosesha mpigaji shabaha. Ikiwa kubwa hutulia mkononi, lakini uzito wake humchosha mwenyewe hadi akaanza kuiacha nyumbani. Na ikimaliza fedha zote za mnunuzi, hakuna kinachobaki cha kununulia ala, risasi za mazoezi wala kasha la kuifungia. Kwa mwenye bajeti finyu, kosa hili la tatu ndilo kubwa kuliko yote. Silaha isiyofanyiwa mazoezi na isiyohifadhiwa ni hatari kwa mwenyewe na kwa jamaa zake, iwe ya bei yoyote.

Sheria hutangulia

Soko la bastola za aina hii ni kubwa zaidi nchini Marekani, na huko ndiko uchaguzi wa raia wa kawaida uliko mpana. Mwaka 2008, katika kesi ya Heller, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba mtu binafsi ana haki ya kuweka bastola nyumbani kwa kujilinda. Mwaka 2022, katika kesi ya Bruen, ikaamua kwamba haki hiyo haiishii mlangoni, na ikafuta sharti la New York la kumtaka mwombaji wa kibali athibitishe kuwa ana sababu ya pekee ya kubeba silaha. Kufikia mwaka 2024, majimbo 29 yalikuwa hayamdai kibali mtu mzima aliyeruhusiwa kisheria kumiliki bastola. Majimbo mengine yanadai kibali, na mengi kati ya hayo yanadai mafunzo pia.

Tofauti za majimbo hugusa hata aina ya bastola inayofaa kununuliwa. California, New York na New Jersey hazikubali magazini inayobeba zaidi ya risasi 10, na Colorado imeweka kikomo cha 15. Kibali cha jimbo moja huenda kisitambuliwe katika jimbo jirani. Ofisi za serikali ya shirikisho, zikiwemo za posta, haziruhusu silaha, na abiria wa ndege haruhusiwi kuingia nayo ndani ya ndege.

Anayenunua kwenye duka lenye leseni hujaza fomu ya 4473, kisha jina lake huchunguzwa kupitia mfumo wa FBI uitwao NICS, ulioanza kazi mwaka 1998. Sheria ya mwaka 1968 iliweka umri wa miaka 21 kwa anayenunua bastola katika maduka hayo. Aliyewahi kutiwa hatiani kwa kosa kubwa la jinai, au kwa kumpiga mwenza wake, hunyimwa.

Kwa Waafrika Mashariki na Wakongo waishio Marekani, hadhi ya uhamiaji ni jambo la kuangaliwa kabla ya bei. Mwenye ukaazi wa kudumu anaweza kununua kwa masharti yaleyale ya raia. Aliyeingia kwa viza ya muda, kama ya masomo au ya matembezi, kwa kawaida amekatazwa na sheria ya shirikisho hata kushika silaha au risasi, isipokuwa kwa nafuu chache kama leseni ya uwindaji. Kosa la namna hiyo linaweza kumfikisha mtu gerezani na kumfukuzisha nchini.

Rivolva au bastola ya magazini

Aina za kuchagua ni mbili. Rivolva huweka risasi katika silinda inayozunguka. Ndogo zake maarufu ni za Smith & Wesson zenye risasi 5, kama Model 642, ambayo uzito wake ni kama gramu 410. Haina slaidi ya kuvuta, na risasi ikigoma kulia, mpigaji huvuta tena kifyatulio na silinda huleta nyingine. Lakini kifyatulio chake ni kizito na husafiri mbali, mtutu ni mfupi, na wepesi wake hufanya kishindo kirudi kwa nguvu kiganjani. Wengi huinunua wakidhani ni bastola ya anayeanza, kumbe ni miongoni mwa zile ngumu kupiga kwa usahihi.

Bastola ya magazini hupakia risasi kutoka kwenye magazini iliyo ndani ya mshikio. Kila inapopigwa, slaidi ya juu hurudi nyuma, hutoa ganda lililotumika na kuingiza risasi mpya. Hubeba risasi nyingi zaidi, ni nyembamba kiunoni, na kifyatulio chake kwa kawaida ni chepesi zaidi. Inadai mambo mawili: mikono yenye nguvu ya kutosha kuikoki, na akili iliyozoea kwamba kuondoa magazini hakutoi risasi iliyobaki kwenye chemba. Ajali nyingi huzaliwa katika kulisahau hilo la pili.

Kipenyo cha risasi

Kwa bajeti finyu, risasi ya milimita 9, iliyobuniwa na Georg Luger mwanzoni mwa karne ya 20, ndiyo ya kuanzia. Hutumiwa na majeshi na polisi duniani kote, hivyo hutengenezwa kwa wingi, na bei yake huwa chini ya ile ya risasi za .380 na .38 Special ingawa ina nguvu kuliko zote mbili. Akiba hiyo huonekana kila siku ya mazoezi.

FBI yenyewe ilizunguka kabla ya kuirudia. Baada ya mapambano ya Miami ya mwaka 1986, ambamo maafisa wake wawili waliuawa, iliweka kipimo kwamba risasi ya kujihami ipenye kati ya inchi 12 na 18 katika jeli maalumu, yaani takriban sentimita 30 hadi 46. Ilihamia kwenye risasi kubwa zaidi, kisha katika muongo wa 2010 ikarejea kwenye milimita 9. Risasi za kisasa za kipenyo hicho zilikuwa zinafikia kipimo, na maafisa walipiga kwa kasi na usahihi zaidi kwa sababu kishindo ni kidogo.

Risasi ya .380 inabaki na nafasi yake kwa wenye mikono dhaifu au wanaougua baridi yabisi. Smith & Wesson ilitoa mwaka 2018 bastola iitwayo Shield EZ ya .380, ambayo slaidi yake huvutwa kwa urahisi. Hapo gharama kubwa ya risasi ina sababu.

Ukubwa unaofaa

Kishindo kinachorudi mkononi hutegemea uzito wa bastola: kwa risasi ileile, nyepesi hupiga kiganja kwa nguvu zaidi. Mtutu mfupi nao hupunguza kasi ya risasi, na vilengeo vya mbele na nyuma vikikaribiana, kosa dogo la jicho hukua shabahani. Hivyo kila gramu na kila sentimita inayopunguzwa kwa ajili ya kuficha hulipwa kwa usahihi.

Madaraja makuu ni matatu. La kwanza ni bastola za mfukoni, kama Ruger LCP ya mwaka 2008, yenye gramu karibu 270 na risasi 6 za .380 kwenye magazini. Huingia mfuko wowote, lakini mshikio wake hautoshi vidole vyote na mazoezi marefu huumiza mkono. La pili ni za kati, kama Glock 19 iliyotoka mwaka 1988, yenye risasi 15 na mtutu wa milimita 102. Hizi hupigika vizuri sana, ila kwa mtu mwembamba au mwenye nguo nyepesi ni vigumu kuzificha.

La tatu limekaa katikati ya hayo mawili, na ndilo lililobadilisha soko. SIG Sauer P365 ya mwaka 2018 iliweka risasi 10 za milimita 9 katika bastola ya takriban nusu kilo, wakati wenzake wa ukubwa huo walikuwa wakibeba 6 au 7. Kampuni nyingine zikafuata: Springfield kwa Hellcat mwaka 2019, Glock kwa 43X mwaka huohuo, Smith & Wesson kwa Shield Plus mwaka 2021. Ushindani huo umemfaidi mnunuzi. Nyingi za daraja hili hupatikana madukani kati ya dola 400 na 550, na Taurus G3C ya risasi 12, nene na nzito kidogo kuliko P365, huuzwa karibu dola 300 au chini yake. Kwa watu wengi, daraja hili ndilo jibu.

Hata hivyo, mkono wa mnunuzi ndio hakimu. Viwanja vingi vya shabaha hukodisha bastola kwa malipo madogo. Kupiga risasi 50 kwa bastola mbili au tatu kabla ya kununua ni nafuu kuliko kununua, kuchukia na kuuza kwa hasara. Yafaa kuangalia kama kidole hufika kwenye kifyatulio bila mkono kupinda, kama slaidi huvutika bila taabu, na kama magazini huachia inapobonyezwa.

Usalama wa chombo na bastola zilizotumika

Bastola ya kubebwa lazima iwe na kizuizi cha ndani kinachozuia pini ya kufyatulia isifike kwenye risasi hadi kifyatulio kivutwe, ili isilie ikianguka. Bastola za bei rahisi sana za miundo ya zamani huenda zikakosa kinga hiyo, na hizo ziachwe dukani. Hata kampuni kubwa hukosea: Ruger iliziita LCP za mwanzo kiwandani mwaka 2008 kwa sababu zingeweza kulia zikiangushwa, ikazirekebisha bila malipo. Kwa hiyo namba ya bastola iliyotumika hulinganishwa na matangazo ya mtengenezaji kabla ya fedha kutolewa.

Iliyotumika ni njia halali ya kupunguza gharama. Zile zilizouzwa na idara za polisi mara nyingi zimechubuka nje kwa kuingia na kutoka kwenye ala, lakini zimepigwa kidogo. Mnunuzi huangalia kutu ndani ya mtutu, nyufa kwenye slaidi na kingo za magazini. Springi ni ya bei ndogo na hubadilishwa. Kununua dukani, hata iliyotumika, humhakikishia mnunuzi kwamba uchunguzi wa NICS umefanyika na kwamba kuna kumbukumbu ya mauzo.

Kuigawa bajeti

Mfano wa dola 700 huonyesha hesabu ilivyo. Bastola na kodi yake: 350. Ala ngumu: 60. Mkanda imara: 40. Kasha la kufungia: 40. Risasi 300 za mazoezi: karibu 90. Risasi za kujihami: 60. Zinabaki 60 za kuchangia darasa la mwanzo. Anayetumia 600 kwa bastola peke yake hubaki na 100, na hapo hujikuta ameinunulia ala ya kitambaa na kuipiga mara moja tu.

Ala haifai kubanwa bajeti. Ifunike kifyatulio chote kwa kitu kigumu kama plastiki ya Kydex au ngozi nene, ishike bastola isichomoke mtu akikimbia au kuinama, na mdomo wake usikunjane bastola inapotoka. Ala laini inaweza kujikunja ikaingia kwenye kifyatulio wakati wa kurudisha bastola. Bastola isiyo na ala isibebwe mfukoni wala mkobani, kwani funguo au kalamu inatosha kuvuta kifyatulio.

Risasi za mazoezi ni zile zilizofunikwa shaba. Za kujihami zina tundu kwenye ncha, hupanuka zikigonga na hupunguza hatari ya kupenya na kumfikia asiyehusika. Jimbo la New Jersey lina masharti kuhusu hizo. Kabla ya bastola kuaminiwa, desturi nzuri ni kupiga risasi 200 za mazoezi na kasha moja au mawili ya zile za kujihami bila kukwama. Baada ya hapo, sehemu kubwa ya ustadi hujengwa bila gharama: bastola tupu iliyokaguliwa mara mbili, risasi zikiwa chumba kingine, ukuta salama, na kuvuta kifyatulio taratibu bila vilengeo kutikisika.

Kuihifadhi

Kubeba huchukua saa chache, na saa zilizobaki bastola ipo nyumbani. Maduka yenye leseni nchini Marekani yanatakiwa na sheria ya mwaka 2005 kumpa mnunuzi wa bastola kifaa cha kuifungia, lakini kufuli la waya halitoshi penye watoto wadogo au vijana. Kasha la chuma lililofungwa kwenye fanicha nzito hukinga watoto, wezi na wageni kwa pamoja. Gari si ghala: vioo huvunjwa kwa sekunde, na bastola iliyoibwa huishia mikononi mwa wahalifu.

Zaidi ya nusu ya vifo vya risasi nchini Marekani ni vya watu wanaojiua. Pakiwa na mtu nyumbani mwenye sonona, ulevi mkubwa au msiba mzito, hatua sahihi ni kuiondoa bastola kwa muda na kuikabidhi mahali panaporuhusiwa kisheria, au kuahirisha kuinunua. Huo nao ni uamuzi wa kuchagua bastola, na hauna gharama yoyote.