Mtandao wa Kompyuta Nyumbani kwa Gharama Ndogo

Katika mji wa Rumonge, mwambao wa Ziwa Tanganyika, kusini mwa Bujumbura, si ajabu kukuta nyumba moja yenye kompyuta kuukuu ya baba, nyingine ya mtoto asomaye sekondari, na simu mbili tatu za mkononi. Kilichopungua ni njia ya kuviunganisha vyombo hivyo. Picha ambazo askari aliwapelekea watoto wake kutoka Somalia, ambako Burundi ilianza kupeleka majeshi mwaka 2007, zimo katika simu moja tu. Simu hiyo ikitumbukia ziwani, picha nazo zimekwenda.

Wengi hudhani kwamba mtandao wa nyumbani ndiyo intaneti, na kwamba asiye na faranga za vifurushi hawezi kuwa nao. Sivyo hata kidogo. Intaneti ni barabara kuu; mtandao wa nyumbani ni ujia wa kutoka sebuleni hadi chumbani, na ujia huo haulipiwi.

Chombo kikuu ni ruta, nayo yaweza kuwa iliyokwisha kutumika. Kwanza, ikiwa imewashwa, kitufe chake kidogo cha nyuma kibonyezwe kwa ncha ya sindano kiasi cha sekunde 10, ili mipangilio ya mwenyewe wa zamani ifutike. Waya wa kompyuta huchomekwa katika mojawapo ya matundu yaliyo safu moja, wala si katika lile lililotengwa peke yake, ambalo ni la intaneti. Ruta yenyewe hukipa kila chombo namba yake, ambayo mara nyingi huanza na 192.168. Kisha, katika kompyuta yenye diski kubwa, hufunguliwa folda moja ya watu wote, na humo huwekwa picha na vitabu vya shule. Printa nayo yaweza kutumiwa na nyumba nzima.

Kompyuta isiyohamishwa ni heri iungwe kwa waya, ambao hufaa hadi mita 100. Mawimbi ya redio hudhoofishwa na kuta za matofali. Kwa hiyo ruta huwekwa juu, katikati ya nyumba.

Umeme ukikatika, ruta nyingi za nyumbani, ambazo hutumia volti 9 au 12 tu, huweza kuendeshwa kwa betri ya sola yenye kidhibiti; volti halisi huandikwa kwenye kibandiko chake. Hatari kubwa zaidi ni radi. Waya usining'inizwe nje hadi kwa jirani, na ngurumo zikianza, kila kitu kichomolewe.

Neno la siri la kiwandani libadilishwe siku hiyo hiyo. Katika nyumba ya askari au polisi, jina la kambi na namba ya kazi havifai kabisa kuwa neno la siri, kwani ndivyo vitu vya kwanza ambavyo mtu mwenye hila atavijaribu. Na zile picha za Somalia zinakiliwe pia katika diski ya pembeni, ihifadhiwe kwa shangazi, mbali na nyumba hiyo.