MIMBA, JUA NA SUKARI: USIKIMBILIE VIDONGE!

Dada zangu mlio na mimba, siku hizi ukikaa saluni nusu saa tu utasikia habari za vitamini D. Mmoja atakwambia meza vidonge usije ukapata kisukari, mwingine atakwambia ota jua, basi yameisha. Nani mkweli?

Vitamini D mwili unaitengeneza wenyewe ngozi ikipigwa na jua. Kidogo tunaipata kwenye samaki wenye mafuta kama vibua, na kwenye kiini cha yai. Lakini jua la Dar kuwaka mwaka mzima si kwamba kila mtu analipata. Ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi, na yule anayeshuka kwenye daladala akajifungia ofisini hadi jioni, jua analionea dirishani. Kioo kinazuia mionzi ile ile inayotakiwa.

Sasa kisukari. Mimba ikikua, homoni za kondo la nyuma huifanya insulini ifanye kazi kwa taabu. Kongosho la mama lisipomudu kutoa insulini zaidi, sukari inapanda. Hicho ndicho kisukari cha mimba. Watafiti wengi wameona kwamba wajawazito wenye vitamini D kidogo hukipata zaidi, ndipo watu wakaruka: vidonge! Taratibu jamani. Mama mnene mara nyingi naye ana vitamini D kidogo, na unene wenyewe unaleta kisukari. Sasa mkosaji nani? Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilisema vidonge hivyo visigawiwe kwa kila mjamzito. Mwaka 2020 likapitia ushahidi upya, likabaki palepale: anayeonekana kupungukiwa ndiye apewe.

Kinachonitia hofu ni mtu kumeza vidonge akajiona kajikinga, halafu kipimo cha sukari akakipuuza. Kisukari hiki mara nyingi hakina dalili. Kiu, uchovu, kukojoa kila saa, si ndiyo mimba yenyewe? Huku mtoto ananenepa tumboni, siku ya kujifungua anaweza kukwama mabega, au akizaliwa sukari yake ikashuka ghafla. Na mama je? Uchambuzi uliotoka mwaka 2009 kwenye jarida la Lancet ulionyesha kuwa aliyewahi kupata kisukari cha mimba ana hatari mara saba ya kuja kuugua kisukari cha aina ya pili.

Kipimo chenyewe hufanywa kati ya wiki ya 24 na ya 28. Unakwenda na njaa, unatolewa damu, unakunywa gramu 75 za glukosi kwenye maji (utamu wa kukera!), unapimwa tena baada ya saa moja na saa mbili. Kipimo cha mkojo peke yake hakitoshi, ulizia cha damu. Na wewe kaka unayedhani haya ni ya wanawake, msindikize mwenzio, maana kusubiri na njaa si mchezo.

Ukikutwa nacho, wengi hutulia kwa kupunguza soda, chai ya sukari na ule mlima wa wali, na kwa kutembea. Wengine huchomwa insulini. Mtoto akishazaliwa, wiki 6 hadi 12 baadaye, unarudi kupimwa tena.