Kifaa cha Kupima Upepo wa Tairi: Chagua Kinachofaa Gari Yako, Lipa Ukishakiona

Tairi nyingi hazipasuki ghafla kama tunavyodhani. Huanza na msumari mdogo, valvu iliyochoka, au rimu iliyopindwa na shimo la barabarani. Upepo unatoka pole pole, ubavu wa tairi unajikunja kila inapozunguka, na joto linapanda. Ukifika kati ya Mtito Andei na Voi saa saba mchana, gari imejaa watu na mizigo, ndipo inapasuka. Dereva atasema ilipasuka tu. Kumbe ilikuwa imeanza kulalamika kilomita nyingi nyuma.

Kwa macho huwezi kujua. Tairi za siku hizi zikiwa na psi 33 au psi 25 zinaonekana sawa tu. Ndiyo maana Marekani ililazimisha kila gari ndogo mpya kuwa na kifaa cha kufuatilia upepo kuanzia Septemba 2007, na Ulaya ikafanya hivyo kwa magari madogo mapya yote ya abiria kuanzia Novemba 2014. Japani haikufuata mkondo huo, na ndiko magari mengi tunayonunua Kenya hutoka. Kwa hivyo huenda gari yako haina.

Habari njema ni kwamba unaweza kuongeza. Wauzaji wengi hukiita TPMS: vihisi vinne, kimoja kwa kila tairi, na skrini ya kukuonyesha upepo na joto. Lakini viko vya aina nyingi, na tunawaona wateja wakilipia kitu kisichowafaa. Haya ndiyo ya kuangalia kabla ya kubonyeza PIN.

Anza na mlango wa dereva

Fungua mlango wa dereva na utafute kibandiko kwenye nguzo ya mlango. Hapo ndipo kampuni iliyotengeneza gari iliandika upepo unaotakiwa. Gari za Japani mara nyingi huandika kwa kPa. Gawanya kwa 6.9 upate psi: 230 kPa ni kama psi 33. Usichukue namba iliyo ubavuni mwa tairi. Hiyo ni kiwango cha juu kabisa ambacho tairi inaweza kubeba, si kile gari yako inahitaji.

Namba hiyo itakusaidia pia kuchagua. Kama una pikapu au van ya kubeba mizigo ambayo tairi za nyuma zinataka upepo mwingi, uliza kifaa kinasoma hadi psi ngapi. Vingine vimetengenezewa gari ndogo pekee.

Vihisi vya nje au vya ndani?

Hapa ndipo pesa zako zinaamuliwa.

Vihisi vya nje hufungwa mahali pa kifuniko cha valvu. Unaweza kuvifunga mwenyewe kwa dakika chache, na betri yake, ambayo mara nyingi ni ile ndogo ya mviringo iitwayo CR1632, unaibadilisha mwenyewe. Ukiuza gari unaondoka navyo. Ubaya wake ni kwamba viko wazi. Mtu anaweza kuving'oa ukiwa umeegesha mjini, kwa hivyo chagua vyenye nati ya kuzuia wizi. Tena kihisi cha nje hubonyeza pini ya valvu wakati wote, na kama mpira wake ni mbovu, kifaa ulichonunua kulinda upepo ndicho kitakachoutoa. Ukishavifunga, paka maji ya sabuni kwenye kila valvu. Ukiona mapovu, kaza au rudisha. Kwa wasomaji wetu wa Pwani, chumvi ya hewani inaweza kufanya kihisi kigande kwenye valvu ya chuma, basi vifungue mara moja kwa mwezi uvisafishe.

Vihisi vya ndani hukaa ndani ya rimu, pamoja na valvu mpya. Haviibiwi kwa urahisi na havipati vumbi wala matope. Betri yake hudumu miaka kadhaa, lakini nyingi zimefungiwa ndani: ikiisha, unanunua kihisi kipya. Kuvifunga lazima tairi itolewe kwenye rimu, kwa hivyo ongeza gharama ya fundi na ya kubalansi tairi. Na kuanzia hapo, kila ukipata pancha, mwambie mtu wa pancha mapema kwamba kuna kihisi ndani. Chuma cha kutolea tairi kikipita hapo bila mpango, kihisi kinavunjika. Ile gundi ya kuziba pancha inayomiminwa kupitia valvu nayo inaweza kukiziba. Kama tairi zako zina tyubu, sahau vya ndani kabisa, havitasoma.

Ushauri wetu ni huu: kama pancha zako huzibwa kando ya barabara kwa mtu yeyote aliye karibu, chukua vya nje. Kama una fundi mmoja unayemwamini na unapanga kukaa na gari miaka mingi, vya ndani vinalipa.

Skrini gani?

Kuna inayokaa kwenye dashibodi na kuchajiwa na jua, inayochomekwa kwenye tundu la kiberiti, inayounganishwa na redio ya Android, na inayotumia programu ya simu kupitia Bluetooth. Ya simu huwa inavutia, lakini jiulize: simu ikizima, au ukiwa unaitumia kuangalia ramani, kengele utaisikia? Kwa anayesafiri mara kwa mara, skrini yake pekee yenye mlio mkali ni bora kuliko picha nzuri kwenye simu.

Weka kengele mwenyewe

Kifaa hutoka dukani na namba zake, na mara nyingi si za gari yako. Sheria ya Marekani hutaka taa iwake upepo ukipungua kwa robo. Kwa gari ya psi 33, hiyo ni kama psi 25. Kwa safari ndefu na mzigo, tunaona hapo ni kuchelewa. Weka kengele ya chini kwa 28 na ya juu kwa 42, maana upepo hupanda tairi ikipata moto na hiyo ni kawaida. Usipunguze upepo wa tairi iliyotoka safarini.

Kikisoma tofauti na geji

Wengi hufunga kifaa Nairobi, wakapima kwa geji, wakakuta kifaa kinasoma chini kwa psi 2 au 3, kisha wakasema wameuziwa feki. Ngoja kwanza. Vihisi vingi hufanya hesabu kana kwamba gari iko usawa wa bahari. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari na hewa yake ni nyepesi, kwa hivyo kifaa kama hicho kitasoma chini kidogo. Eldoret, karibu mita 2,100, tofauti inafika kama psi 3. Ukishuka Mombasa, geji na kifaa vinakaribiana.

Pima tairi zote asubuhi kabla ya kuendesha. Kama zote nne zinatofautiana na geji kwa kiasi kilekile, ni mwinuko tu. Kama ni moja pekee inayotofautiana, basi hicho kihisi kina shida, na una haki ya kukirudisha.

Sasa tulipe

Ukiwa Nairobi unaweza kwenda Kirinyaga Road ukavishika kwa mkono. Ukinunua mtandaoni, fuata haya:

• Lipa bidhaa ikifika. Fungua boksi, hesabu vihisi vinne, hakikisha skrini inawaka, kisha ulipe.

• Lipa kwa Till au Paybill ya biashara, si nambari ya mtu binafsi. Soma jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Kama duka lina jina moja na Till ina jina lingine, uliza kwanza.

• Jihadhari na "tuma nusu nikuwekee, zimebaki mbili." Pesa uliyotuma mwenyewe kwa mtu aliyezima simu ni ngumu sana kurudi. Ukikosea nambari, omba kurudishiwa papo hapo, usingoje kesho.

• Usifute ujumbe wa malipo. Ile kodi ya muamala, pamoja na risiti, ndiyo ushahidi wako wa waranti.

• Hakuna muuzaji, wala mfanyakazi wetu, anayehitaji PIN yako.

Na katika bajeti, usihesabu bei ya boksi tu. Weka betri, usafirishaji, ada ya kutuma na fundi. Kifaa cha bei ya chini ambacho utakibadilishia betri kina faida kuliko cha bei kali kitakachokaa kimezima.

Ambacho hakitafanya

Kifaa hiki hakioni tairi iliyokwisha meno wala iliyozeeka. Umri wa tairi uko ubavuni mwake, tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Pia hakitazuia tairi kupasuliwa na jiwe kwa ghafla. Kazi yake ni kukuambia mapema kuhusu ile inayokufa pole pole, ungali na nafasi ya kusimama pembeni salama.

Kengele ikilia, usikanyage breki kwa nguvu. Punguza mwendo taratibu, washa taa za dharura, toka barabarani, ndipo uangalie. Na kabla hujanunua chochote, kesho asubuhi soma kile kibandiko cha mlangoni na upime upepo wa tairi zako, pamoja na ile ya spea. Hiyo haitakugharimu hata shilingi.