Pipa Tupu la Mafuta Si Tupu



Vikundi vingi hapa Ainabkoi hununua mapipa kuukuu ya lita 200 ya kuwekea dizeli ya trakta. Pipa likifika nyumbani, kizibo kimeshika kutu, hakizunguki. Ndipo mtu husema, "Ngoja tukipige moto kidogo, kitalegea." Tafadhali usikubali. Moto huo kidogo umeua mafundi.

KWA NINI NI HATARI?

Watu huogopa pipa lililojaa petroli. Kumbe lililobaki na matone tu ni baya zaidi. Kinachoshika moto ni mvuke wa petroli uliochanganyika na hewa, na ndani ya pipa tupu vitu hivyo viwili vimefungiwa pamoja, vinangoja cheche moja. Usidanganywe na baridi yetu ya asubuhi: petroli hutoa mvuke wa kuwaka hata kwenye baridi ya barafu. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hutambaa chini hadi jikoni bila kuonekana. Dizeli hungoja joto la zaidi ya digrii 50, lakini moto wa kuchomelea hufikisha chuma hapo mara moja.

Tukumbuke Sachangwan, kwenye barabara hii yetu ya Nakuru kwenda Eldoret. Tarehe 31 Januari 2009 lori la petroli lilipinduka, watu wakaja kuteka, moto ukalipuka. Zaidi ya watu 100 walikufa.

FANYA HIVI

1. Peleka pipa nje, mbali na jiko, sigara na trakta inayonguruma. Watoto wasikaribie.

2. Lisimamishe kivulini lipoe. Pipa lililokaa juani lina hewa iliyobanwa.

3. Pipa lina vizibo viwili: kikubwa cha inchi 2, na kidogo cha robo tatu ya inchi. Kikubwa kikikwama, anza na kidogo. Kilegeze polepole, uso wako ukiwa kando, mpaka hewa iishe kutoka.

4. Kama kuna mafuta yamebaki, yatoe kwa pampu ya mkono. Usivute kwa mdomo. Petroli ikiingia kwenye mapafu inaweza kuua.

5. Jaza maji kupitia tundu hilo mpaka yafike juu kabisa. Maji yatafukuza mvuke.

6. Sasa tia mafuta ya kulegeza kutu kuzunguka kizibo kikubwa, ulale nayo usiku mzima.

7. Kesho yake tumia spana inayokaa sawasawa. Kaza kidogo kwanza, halafu legeza. Kikikataa, mwagia maji moto pembeni mwa kizibo, ujaribu tena. Tindo na nyundo ya chuma, hapana.

Kama vizibo vyote viwili vimekataa, acha. Rudisha pipa kwa aliyekuuzia. Usimwage maji hayo yenye mafuta mtoni. Na pipa la petroli lisiwe la maji ya kunywa, hata ukiliosha mara ngapi.

Haraka haraka haina baraka. Pipa jingine hununuliwa. Baba wa watoto hanunuliwi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

– Nani hapa kwetu huchomelea matangi ya mafuta? Ameelezwa hatari hii?
– Mapipa yetu matupu tunayaweka wapi, na jiko liko umbali gani?