Baiskeli ya Gia Moja na Mlima: Meno Mangapi Yatosha?

Katika nyanda za juu za Afrika Mashariki, tangu milima ya Usambara hadi vilima vya Burundi, ni jambo la kawaida kumwona mtu akisukuma baiskeli iliyosheheni mkaa, ndizi au madumu ya maji. Njia tambarare aliipita akiwa juu ya kiti. Mlimani amelazimika kushuka. Baiskeli yake ina gia moja tu, nayo ilipangwa kiwandani kwa ajili ya mtu mmoja asiye na mzigo mkubwa. Je, gia hiyo yaweza kuteremshwa hata mzigo ukapanda bila ya mwendeshaji kushuka? Yaweza, lakini kwa kiasi.

Ichukuliwe baiskeli ya kawaida yenye gurudumu la inchi 28. Sproketi ya mbele, yaani gurudumu la meno lililoshikana na pedali, ina meno 48, na ile ya nyuma ina meno 20. Pedali zikizunguka mara moja, gurudumu la nyuma huzunguka mara 2.4. Kwa kuwa mzingo wa tairi ni kama mita 2.2, baiskeli husogea mita 5.3. Wakati huohuo mguu, ukiwa kwenye mkono wa pedali wenye urefu wa sentimita 17, umesafiri mita 1.07 tu. Barabara imepitwa mara tano zaidi ya mwendo wa mguu. Kwa hiyo mguu hauna budi kutoa kani mara tano ya ile inayohitajika barabarani.

Sasa na apakiwe mzigo wa kilo 100. Mwendeshaji ana kilo 60, baiskeli kilo 20; jumla ni kilo 180. Katika mlima unaopanda mita 4 kwa kila mita 100, na juu ya udongo mkavu ulioshindiliwa, kani ya kurudisha nyuma ni kama ya uzito wa kilo 10. Mguu basi unadaiwa wastani wa kilo 50. Mtu wa kilo 60 akisimama juu ya pedali kwa uzito wake wote hapati wastani unaozidi kilo 38 hivi, kwani pedali ikiwa juu kabisa au chini kabisa uzito hausukumi kitu. Hapo ndipo anaposhuka, wala si uvivu.

Sproketi ya mbele ikiwa ya meno 32 na ya nyuma ya meno 22, mzunguko mmoja wa pedali utasogeza baiskeli mita 3.2 badala ya 5.3, na deni la mguu litashuka hadi kilo 30. Yaonekana tatizo limekwisha. Kumbe limehamia pengine. Gia huzidisha kani. Haizidishi nguvu, yaani kazi ifanywayo kwa kila sekunde. Mtu mzima mwenye afya huweza kutoa wati 75 hadi 100 kwa muda wa saa nzima. Kwa wati 100, mzigo ule utapanda kwa kilomita 3.7 kwa saa, mwendo wa mtu atembeaye polepole. Katika mwendo huo baiskeli iliyolemewa huyumba, na mwendeshaji hana nafasi ya kuirekebisha kwa usukani kabla haijalala. Hata gia ingeteremshwa mara kumi, mzigo wa kilo 100 katika mlima huo ni wa kusukumwa.

Mzigo wa kilo 50 una hesabu nyingine. Kani barabarani inakuwa kilo 7 hivi, na wati zilezile 100 zinatoa kilomita 5 kwa saa, mwendo ambao mzoefu aweza kuumudu. Kwa gia ya kiwandani mguu ungedaiwa kilo 35, yaani karibu na kikomo chake, na magoti yangeumia. Kwa gia iliyoteremshwa ni kilo 21. Hapo ubadilishaji una faida ya kweli. Gharama yake hulipwa kwenye tambarare: pedali zikizunguka mara 60 kwa dakika, kilomita 19 kwa saa zinapungua hadi 11 na nusu.

Fundi anao uchaguzi wa mahali pa kubadili. Kupunguza meno ya mbele huongeza mvuto wa mnyororo: mguu wa kilo 60 juu ya sproketi ya meno 48 huuvuta kwa kilo 105 hivi, na juu ya meno 32 kwa kilo 158. Mnyororo uliochakaa huruka meno au hukatika, tena mwendeshaji akiwa amesimama juu ya pedali. Ni heri kwanza kuongeza meno ya nyuma, ingawa sproketi za nyuma za gia moja ziuzwazo kwa kawaida haziendi mbali zaidi ya meno 22. Katika mabadiliko ya 48 na 20 kuwa 32 na 22, mnyororo unazidi urefu kwa pingili saba na nusu hivi. Kwa vile pingili nyembamba na pana hupokezana, hutolewa sita, kisha gurudumu la nyuma husogezwa nyuma kiasi cha milimita 9.

Kwa asiyetaka kupoteza mwendo wa tambarare ipo njia ya kale. Hadi mwaka 1937 washindani wa Tour de France huko Ufaransa hawakuruhusiwa kutumia gia za kubadilishwa njiani. Walikuwa na kitovu cha nyuma chenye sproketi pande zote mbili. Wafikapo chini ya mlima walishuka, wakaligeuza gurudumu na kuendelea. Kitovu chenye hesi pande mbili, sproketi moja ikiwa ya meno 18 na nyingine 22, hufanya kazi hiyohiyo kwa mnyororo uleule, maadamu mwanya wa fremu unaruhusu ekseli kusogea milimita 13. Kila gurudumu linapogeuzwa, raba za breki hazina budi kukaguliwa kama zinaigusa rimu sawasawa, kwa maana upande wa pili wa mlima gia haisaidii kitu.