Mji Uliokataa Wageni Wawasha Taa Pamoja Nao

Kila mwaka, katika mwezi wa 10 au wa 11, usiku usio na mwezi, Wahindu huadhimisha siku kuu ya taa iitwayo Divali. Husafisha nyumba, hutia mafuta na utambi katika vitaa vya udongo, kisha huvipanga mlangoni. Wengi hukumbuka habari za Rama, mwana wa mfalme, aliyerudi kwao Ayodhya baada ya kukaa uhamishoni miaka 14, watu wakamlaki kwa taa.

Wasomaji wapenzi, katika Uingereza uko mji uitwao Leicester, ambamo wengi waujua uhamisho huo kwa maisha yao wenyewe. Mwezi wa 8 mwaka 1972, Idi Amin, mtawala wa Uganda, aliwapa Waasia wenye pasi za Kiingereza siku 90 tu waondoke nchini. Waliacha maduka, mashamba na nyumba zao. Watu wapata 28,000 walikimbilia Uingereza. Wengi walitaka kwenda Leicester, kwa kuwa ndugu zao walikwisha kukaa huko. Lakini wakubwa wa mji waliogopa kwamba nyumba na shule hazitatosha. Mwezi wa 9 walitia tangazo katika gazeti la Uganda Argus, wakiwasihi wasije.

Hata hivyo maelfu walikuja. Walifanya kazi viwandani. Wengine walifungua maduka katika barabara ya Belgrave. Na tazameni: tangu mwaka 1983 mji huohuo huadhimisha Divali hadharani, na baraza la mji, lile lililotoa tangazo, husaidia kuitayarisha. Taa hutundikwa juu ya barabara ya Belgrave, na makumi ya maelfu ya watu hukusanyika. Masingasinga na Wajaini pia wana sababu zao za kuwasha taa siku hizo. Majirani Wakristo na Waislamu nao huja kutazama, kuonja vyakula vitamu na kusalimiana.

Tusidhani kwamba taa zafuta magomvi yote. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2021, Wakristo wa Leicester walikuwa kama 25 kwa mia, Waislamu 23, Wahindu 18. Hakuna dini iliyofikia nusu. Mwaka uliofuata, mwezi wa 8 na wa 9, vijana wa Kihindu na wa Kiislamu waligombana vibaya katika njia za mji. Lakini mwezi wa 10 taa ziliwashwa tena, na watu wakaja. Amani ya namna hiyo haipatikani mara moja. Hutengenezwa upya kila mwaka.

Kanisa nalo, tangu mwaka 1995, huwapelekea Wahindu salamu kwa siku kuu hii. Basi nasi, ambao katika miji yetu twaona wakimbizi wakifika na mizigo kichwani, tujiulize: tutawafungia mlango kwa hofu, ama tutawapa nafasi, ili siku moja watualike katika furaha yao?